Fremu Kumi za Bibi Kera

Harusi ya Yavor na Sevda haikuwa na mpiga video. Naanza na hilo kwa sababu bado linaniuma. Studio yangu inatazamana na ukumbi wa manispaa, kwenye chumba kilichokuwa zamani duka la vifungo, na kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyefunga ndoa pale bila mimi kumfuata nyuma na kamera begani. Lakini sisi watu wa Gabrovo nchi nzima inatujua kwa kubana matumizi. Wanasema tuliwakata paka wetu mikia ili mlango ufungwe upesi wakati wa baridi, na sisi hatubishi, maana kubisha nako ni kupoteza pumzi. Kwa hiyo wazazi wa pande zote mbili walikaa, wakanywa rakia yao, pombe kali ya matunda, wakaafikiana kwamba wageni wote wana simu, kila mtu atarekodi, ya nini kumwita Dochka, yaani mimi?

Basi wakarekodi. Halafu wakamjia Dochka huyo huyo.

Kwetu, maharusi wakishatia sahihi, kila mmoja hujaribu kumkanyaga mwenzake mguu. Atakayewahi ndiye mwenye kauli nyumbani. Kwa kawaida ni mchezo, watu wanacheka, yanaisha. Lakini hawa wawili walikuwa wameutundikia mchezo huo jambo zito. Sevda alikuwa amepata kazi hospitalini Varna, mbali kule pwani. Na Tsonka, mama yake Yavor, alikuwa amemjengea mwanawe ghorofa juu ya nyumba yake, tofali baada ya tofali, kwa jasho la miaka aliyouguza wazee wa watu huko Italia tangu mumewe alipofariki. Ghorofa ina vigae, ina jiko, ina mpaka mapazia. Siku ya uchumba, mabishano ya wapi wataishi yalipoanza kuwaka, Yavor alisema kwa kicheko, "Tuiachie miguu iamue! Atakayemkanyaga mwenzake kwanza ndiye achague mji."

Meza nzima ilipiga makofi, na Tsonka ndiye aliyekuwa wa kwanza kuinua glasi. Yavor amecheza katika kikundi cha ngoma cha mji wetu tangu utotoni. Miguu yake ina akili kuliko vichwa vya watu kadhaa ninaowajua.

Siku ya harusi wakakanyagana uani, mbele ya ukumbi, ngoma ikidunda na zumari la mfuko wa ngozi likilia. Kila upande ukashangilia kwamba wa kwao ndiye aliyewahi. Wiki mbili baadaye walikuwa bado wanashangilia, ila sasa kwa matusi.

"Dochka, kazi yenyewe ni ndogo tu," alisema Tsonka, akiweka simu yake mezani kwangu kama mtu anayeweka karata ya ushindi. "Unganisha hizi video ziwe filamu moja. Jumapili tunaitazama kwangu, watu waone mwanangu alivyowahi."

"Aliwahi wapi?" Dyanko, baba yake Sevda, alidakia. Ni fundi wa mabomba ya joto, na sauti yake imezoea kusikika kutoka chini ya sakafu. "Alikowahi ni kwenye sahani ya nyama! Binti yangu alishamkanyaga zamani, yeye ndiyo kwanza anainua kisigino."

"Mzazi mwenzangu, umeyaona wapi hayo?"

"Kwenye kamera yangu. Ya Kijapani hiyo!"

"Kamera ya Kijapani, macho ya kuku."

"Dochka, umesikia? Umesikia ninavyotukanwa?"

"Nasikia," nilisema. "Nilikuwa nasikia tangu mko barabarani. Mmeshajaribu kuziunganisha wenyewe?"

Kumbe walikuwa wamejaribu, kwa programu ya bure aliyoiokota mpwa wa Dyanko mtandaoni. Nikaiomba hiyo kazi yao niione, na kwa kweli sijacheka hivyo tangu meya alipoteleza kwenye barafu. Msajili wa ndoa anafungua kinywa, kinatoka kilio cha zumari. Sevda anasema "ndiyo, nakubali" huku anatafuna keki. Upande wa Dyanko watu wote wamevimba kama unga uliokolea hamira, kwa sababu kamera yake ya kanda hutoa picha iliyo karibu na mraba na programu ilikuwa imeivuta ijaze kioo.

"Angalia alivyoninenepesha!" Tsonka alipiga meza. "Huyu mtu ana nia mbaya na mimi!"

Nikawaeleza kwa upole, kadiri upole wangu ulivyoruhusu. Video ni picha mnato zinazopitishwa haraka, na kila picha tunaiita fremu. Kamera ya Dyanko inapiga fremu ishirini na tano kila sekunde, na kila moja imesukwa kwa nusu mbili, mstari wa nusu hii ukifuatwa na mstari wa nusu ile. Simu ya Tsonka inajigamba kwamba inapiga thelathini, lakini ni mvivu: pakiwa na kivuli inapiga ishirini na kitu, jua likitoka inakumbuka wajibu wake. Ukiwafunga hawa wawili pamoja bila kuwalinganisha, mmoja atamwacha mwenzake, na hapo ndipo mtu anapokanyagwa kabla hajakanyagwa.

"Kwa hiyo nani alikanyaga kwanza?" waliuliza kwa pamoja. Ni mara yangu ya kwanza kuwasikia wakipatana.

"Njooni Jumapili."

"Jumatatu Sevda lazima aijibu hospitali," alisema Dyanko.

"Ndiyo maana nimesema Jumapili. Sasa tokeni, mnaniziba mwanga."

Tsonka akabaki nyuma kidogo mlangoni. Mimi na yeye tulikaa dawati moja shuleni, tukaibiana majibu ya hesabu na baadaye wachumba. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dochka, usinionee huruma. Nataka ukweli tu." Nikamwahidi. Nilikuwa na hakika kwamba ukweli ni kitu rahisi, unaupanga tu kwenye mstari wa muda na kubonyeza.

Nilianza na sauti, kwa sababu picha zinaweza kuchelewa lakini ngoma haimsubiri mtu. Muziki wetu wa harusi unadunda kwa kuchechemea, fupi, fupi, ndefu, fupi, fupi, ndefu. Pigo lile refu ndilo nililolishika. Nikalitafuta kwenye video ya Dyanko, nikalitafuta kwenye ya Tsonka, nikayalaza moja chini ya jingine. Kisha nikaizomea ile simu mvivu: nikailazimisha ikae kwenye ishirini na tano kama mwenzake, ilipokosa fremu nikairudia ya jirani, ilipozidisha nikapunguza. Nikazifumua zile nusu za Dyanko, na watu wake nikawapunguza unene. Kufikia chakula cha mchana nilikuwa na maharusi wanaokanyagana kwa wakati mmoja kutoka pande mbili za ua.

Sevda alikuwa amewahi. Kwa unywele, lakini amewahi. Kisigino chake kilitua kwenye kiatu cha Yavor, na ndipo Yavor akamjibu kwa kishindo kilichowatoa watu vigelegele.

Nikahuzunika kwa ajili ya Tsonka. Nilikuwa bado nahuzunika mlango ulipofunguliwa akaingia Bibi Kera, mama yake Dyanko, na simu yake ikining'inia shingoni kwa kamba ya sufu.

"Binti, na mimi nilirekodi," alisema. "Wananicheka eti nimerekodi zulia. Lakini zulia nililisuka mwenyewe, ningeachaje kulirekodi?"

Kweli, alikuwa amelisuka yeye, na walilitandika uani maharusi walisimamie. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, simu wima mapajani, akirekodi maua ya sufu ya kazi yake. Mjukuu wake hutumia simu hiyo kurekodi mpira, na alikuwa ameiacha kwenye fremu sitini kwa sekunde. Kwa hiyo wale wawili walitupa nyuso na maua, Bibi Kera akatupa miguu, na akatupa mingi.

"Umemwambia nani kwamba unayo hii?" nilimuuliza.

"Nimwambie nani? Muuza mkate tu. Na posta. Na yule Yavor, nimekutana naye hapo darajani, amepauka mtoto wa watu. Nafikiri Sevda hajui kupika."

Alipoondoka nikaitazama. Nikaitazama tena, fremu kwa fremu, kidole kwenye kitufe. Ngoma inadunda fupi, fupi. Kiatu cha Yavor, cheusi, kinang'aa, kinaondoka mahali pake. Hakiendi juu ya kiatu cha Sevda. Kinateleza juu ya zulia, kinapita chini ya upindo wa gauni, kinafika mahali ambapo kisigino cha Sevda kinaelekea kushuka, na hapo kinatulia. Kinasubiri. Lile pigo refu linaanguka, na kisigino pamoja nalo.

Yote yalimalizika ndani ya fremu kumi. Kwenye kamera ya Dyanko gauni lilikuwa limeyafunika, na kwenye simu ya Tsonka mgongo wa Yavor mwenyewe.

Sikushangaa mlango ulipofunguliwa tena. Yavor aliingia na banitsa ya mama yake, andazi la matabaka lenye jibini, imefungwa kwa taulo, bado ya moto.

"Shangazi Dochka, nilikuwa napita tu."

"Na banitsa nayo ilikuwa inapita tu?"

"Nilisema nikuletee. Unafanya kazi sana."

"Yavor, mwanangu, tangu nikujue hujawahi kuniletea hata salamu. Kaa chini. Bibi Kera amerekodi zulia zuri sana, unataka kuliona?"

Akakaa. Nikamchezea polepole, kiatu kikateleza. Uso wake ukaiva kama pilipili za kukaanga, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nikairudisha nyuma, nikamchezea tena.

"Basi, shangazi, inatosha!"

"Ngoja, hapa ndipo panaponifurahisha. Hapa unapousubiri mguu wa mkeo kama mtu anayesubiri basi."

"Sevda hajui," alisema haraka. "Anaamini ameshinda. Tangu siku hiyo anatembea na kidevu juu. Akijua nilimwachia atanipiga na sufuria."

"Na mama yako?"

Hapo utani ukaisha. Akaanza kuzikunja ncha za taulo. "Mama alitia mpaka mapazia, shangazi. Aliniuliza nataka rangi gani. Nikamwambia buluu. Ningesemaje kwamba nataka kwenda? Ningeanzia wapi? Nikaona afadhali nishindwe. Mtu akishindwa halaumiwi na mtu."

Nikamtazama huyu kijana mrefu, anayeruka juu ya visu katika ngoma bila kutetereka, ameshindwa kuvuka sebule ya mama yake na sentensi moja. Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia, lakini hamu ya kofi ilikuwa kubwa zaidi.

"Unataka nini?"

"Hizo fremu uzitupe."

Na ubaya ni kwamba kuzitupa ilikuwa kazi yangu halali. Filamu yangu inakula fremu ishirini na tano kwa sekunde, Bibi Kera ameleta sitini. Zaidi ya nusu lazima ziondoke. Programu ikiachiwa huzitoa kwa mpango, moja hapa, mbili pale, lakini mhariri anaweza kuchagua mwenyewe zipi zikae na zipi ziage dunia. Nikizitoa zile kumi kwa mkupuo, picha itashtuka kidogo tu, na watu watalaumu mkono wa Bibi Kera. Kiatu kitakuwa hapa, kisha kitakuwa pale chini ya kisigino. Na alama ya mwisho itabaki ile ile: Sevda kawahi.

"Sitasema uongo," nilimwambia. "Nitapunguza fremu."

"Asante, shangazi!"

"Usinishukuru. Acha banitsa, ondoka."

Jumapili tulijaa kwa Tsonka. Alikuwa amepika sarma, nyama na mchele ndani ya majani ya kabichi, sufuria nzima, amefungua mtungi wa kabichi, amewaketisha ndugu wa Dyanko mahali pazuri karibu na stovu, maana kwetu adui humlishi vibaya. Nikafunga mitambo yangu. Sevda alikaa mbele na kidevu chake juu. Yavor alikaa nyuma yake, na kipande chake cha kabichi kilikuwa kinazunguka sahani bila kuliwa.

Filamu ilikuwa nzuri, najisifu. Nyuso za Dyanko na maua ya Tsonka vilipokezana bila mtu kuona mshono. Msajili alipofungua kinywa yalitoka maneno yake mwenyewe, na watu wakapiga makofi kwa hilo tu. Kisha uani, ngoma, kamera hii, simu ile, halafu miguu aliyoirekodi Bibi Kera, picha nyembamba na wima katikati ya kioo, nami nilikuwa nimepunguza fremu kama nilivyoahidi. Picha ikashtuka.

"Mkono ulinicheza hapo," alisema Bibi Kera. "Kulikuwa na nzi."

Kisigino cha Sevda kikatua. Baadaye, wazi kabisa, kiatu cha Yavor.

Dyanko alitoa ukelele uliowaamsha mbwa wa mtaa. Akacheza, akakibusu kioo, akanibusu mimi, akataka kumbusu Tsonka lakini akafikiria upya. "Varna!" alipiga kelele. "Nitaogelea kila kiangazi bila kulipa hoteli!" Sevda akageuka akamtazama mumewe kwa ushindi na huruma, akampapasa goti. "Usijali, mpenzi," alisema, "nitakuwa nakuachia uamue mambo madogo madogo." Yavor akainamisha kichwa kama mtu aliyeshindwa. Aliigiza vizuri mno, mshenzi yule.

Tsonka alipiga makofi mara mbili tatu, akasimama, akakusanya sahani ambazo watu hawajazimaliza, akaenda jikoni. Nikamfuata. Nilitarajia kumkuta analia, na nilikuwa nimeandaa maneno.

Alikuwa ameegemea sinki, mikono imekunjwa.

"Dochka," alisema bila kugeuka, "wewe ni mtu wa Gabrovo?"

"Swali gani hilo?"

"Mtu wa Gabrovo hatupi kitu. Ile picha iliposhtuka, vilivyotoka viko wapi?"

Ningeweza kumlaghai Dyanko mpaka kesho, lakini huyu nimeiba naye hesabu. Nikatoa simu yangu mfukoni. Ndiyo, nilikuwa nazo. Ningezitupa vipi? Fremu kumi ni fremu kumi.

Nikamwonyesha moja baada ya nyingine. Alishika simu mbali kidogo na macho, akitembeza kidole mwenyewe. Kiatu kikaondoka. Kikateleza. Kikafika. Kwenye fremu tatu za mwisho hakifanyi chochote, kinasubiri tu, na Tsonka akazirudia hizo tatu mara nyingi kuliko zote.

"Kumbe ulijua," nilisema.

"Mwanangu amecheza ngoma tangu ana miaka saba. Amecheza na wasichana wazito, amecheza na walevi, amecheza kwenye jukwaa lenye mashimo. Hakuna mtu aliyewahi kumkanyaga." Akajifuta pua kwa kiganja. "Niliposikia kishindo uani tu nilijua. Mguu wake ulichelewa. Mguu wa Yavor hauchelewi."

"Sasa wiki mbili zote hizi unagombana na Dyanko kwa nini?"

"Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe. Nikasema, nikipiga kelele za kutosha, atachoka, atakuja hapa jikoni atasema, mama, nataka kwenda. Ningemwambia nenda. Ningelia, lakini ningemwambia nenda." Akaitazama tena fremu. "Badala yake, sasa naelewa, alikuletea wewe banitsa yangu. Nilidhani ameila."

Tukasimama pale, sebuleni Dyanko anaimba. Kisha nikaona mabega ya Tsonka yanatikisika, nikamshika, na kumbe alikuwa anacheka, machozi yakimtoka lakini anacheka.

"Tazama alivyouweka," alisema. "Polepole, kama anamwekea yai. Anampenda huyu msichana, Dochka. Mjinga yule anampenda kweli." Akanirudishia simu. "Nitumie."

"Tsonka..."

"Nitumie, nimesema."

Nikamtumia. Akahakikisha zimefika, akavua aproni, akatoka mpaka mlango wa sebule akamwita mwanawe kwa ile sauti tamu ambayo sisi tuliosoma naye tunaiogopa. Yavor akaja jikoni. Tsonka akamwonyesha simu. Nilimwona kijana anafungua kinywa, na hatimaye, akiwa amechelewa wiki mbili, ile sentensi ikatoka.

"Mama, nataka kwenda."

"Nenda," alisema Tsonka, na akalia kidogo, kama alivyoahidi. Akamshika mashavu akambusu. Halafu akaiinua simu kati yao. "Lakini Jumapili ya kwanza ya kila mwezi mtakula hapa, na mtalala juu, kwenye mapazia ya buluu. Ukikosa hata moja, mkeo ataona zulia la bibi yake lote, bila kupunguzwa."

Yavor akanigeukia mimi kwa macho ya mtu aliyeuzwa. "Shangazi! Ulisema utazitupa!"

"Nilisema nitapunguza," nilimjibu.

Wako Varna sasa. Kila mwanzo wa mwezi Yavor anavuka nusu ya nchi, mvua inyeshe, theluji ianguke, na samaki kwenye barafu nyuma ya gari. Sevda husema hajaona mwanamume anayempenda mama yake kama huyu, na husema pia, kidevu juu, kwamba ruhusa huitoa yeye.